Maswali ya Wasomaji: Inn Nne za Mabarista wa London na Majengo Yake

Makala yetu fupi kuhusu mawakili wa Uingereza ilizitaja Inn nne za London bila kuzieleza, na barua zikaja nyingi. Tumechagua maswali yaliyojirudia zaidi. Baadhi tumeyajibu kwa kirefu, kwa kuwa jibu la mistari miwili lingempotosha msomaji.

Hizi Inn ni nini hasa? Ni vyuo, ni vyama, au ni nyumba za wageni?

Ni vyama vya wanasheria vyenye ardhi na majengo yake. Viko vinne, vyote London: Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple na Gray's Inn. Uingereza na Wales zina mawakili wa aina mbili. Solisita humpokea mteja, huandaa nyaraka na kusimamia shauri kutoka ofisini. Barista ni yule ambaye kazi yake kubwa ni kusimama mbele ya jaji, hasa katika mahakama za juu, na kutoa maoni ya kitaalamu kwa maandishi pale sheria inapokuwa ngumu. Solisita ana chombo chake kingine kabisa. Barista lazima apitie kwenye Inn, maana ni Inn peke yake zenye uwezo wa kumwita mtu kuwa barista, yaani kumpa rasmi cheo hicho. Si chuo kikuu, si wizara, wala si mahakama.

Ndani ya Inn kuna ngazi. Juu wako mabencha, ambao ni majaji na mabarista wakongwe waliochaguliwa na wenzao. Wanaongozwa na Mweka Hazina, anayekaa madarakani mwaka mmoja tu. Cheo hicho huwachanganya watu: huyu si karani wa fedha, ndiye mkuu wa chama. Chini ya mabencha wako mabarista, kisha wanafunzi. Kila Inn ina ukumbi mkubwa wa kulia, maktaba, bustani, na majengo ya chemba wanamofanyia kazi mabarista kwa kulipa pango. Lincoln's Inn na Gray's Inn zina kanisa dogo kila moja. Inner na Middle zinatumia kanisa moja, Temple Church.

Ilianzishwa mwaka gani? Vitabu vinatofautiana.

Vinatofautiana kwa sababu hakuna hati ya kuanzishwa. Ukikuta kitabu kinachotoa mwaka kamili, kiulize kimeutoa wapi. Kinachojulikana kwa yakini ni tarehe ambazo kumbukumbu zilizosalia zinaanza: Lincoln's Inn 1422, katika daftari ziitwazo Black Books, Middle Temple 1501, Inner Temple 1505, Gray's Inn 1569. Hizo ni tarehe za makaratasi. Vyama vyenyewe vilikuwapo kabla. Waasi wa mwaka 1381, wale wa Wat Tyler, walipoivamia Temple, eneo zilipo Inner na Middle Temple, walichoma hati za wanasheria waliokuwa tayari wanakaa pale.

Chanzo chake kinaeleweka ukitazama ramani. Magna Carta ya 1215 iliamuru mashauri ya kawaida kati ya raia yasikilizwe mahali pamoja, badala ya kumfuata mfalme safarini, na mahali hapo pakawa Westminster. Mwaka 1292 Edward I aliwaagiza majaji wachague vijana wanaofaa kujifunza uwakili. Vijana wakahitaji pa kulala na pa kula katika vipindi vya mahakama. Wakapanga nyumba kubwa zilizokuwa katikati ya Westminster, waliko majaji, na jiji la London, waliko wafanyabiashara wenye kesi. Ndiyo maana Inn zote nne ziko kwenye ukanda mmoja mwembamba, kutoka mtoni hadi Holborn. Wapangaji wakachangia mpishi na mlinzi wa lango, wakatunga kanuni za mezani, na baada ya vizazi kadhaa kundi la wapangaji likawa chama.

Ukosefu huu wa hati si jambo la wanahistoria peke yao. Mwaka 1780 mtu aliyekataliwa na Gray's Inn kuitwa barista alikwenda mahakamani akitaka mabencha walazimishwe kumkubali. Jaji Mkuu Lord Mansfield akasema asili ya Inn haionekani kwa uhakika popote, kwamba ni vyama vya hiari, na kwamba njia ya kulalamika ni kukata rufaa kwa majaji wakiwa wasimamizi wa vyama hivyo, wala si kuomba amri ya mahakama. Mpaka leo hakuna Inn inayokubali kuwa ni mdogo wa mwenzake.

Nimesoma kuwa Temple ilikuwa ya askari wa vita vya msalaba. Wanasheria waliipataje?

Kwa upangaji wa muda mrefu sana, na hapa kuna funzo zuri kuhusu hati miliki.

Askari hao, walioitwa Templar, walikuwa watawa waliobeba silaha. Kanisa lao la duara, lililofuata mfano wa Kanisa la Kaburi Takatifu la Yerusalemu, liliwekwa wakfu tarehe 10 Februari 1185 na Heraclius, Patriarki wa Yerusalemu. Sehemu ndefu ya mashariki iliongezwa na kuwekwa wakfu mwaka 1240, mfalme Henry III akiwapo. Papa alipoivunja jumuiya hiyo mwaka 1312, mali ikapewa watawa wengine, Hospitaller, nao wakawapangisha wanasheria. Makundi mawili ya wapangaji yakakomaa ndani ya ua mmoja: Inner na Middle.

Henry VIII alipowafuta Hospitaller nchini mwake mwaka 1540, mwenye nyumba akawa mfalme. Wanasheria wakaendelea kukaa miaka 68 wakiwa wapangaji wa ufalme, hali ya hatari kwa mtu yeyote, maana mfalme anaweza kumuuzia eneo mtu mwingine asubuhi moja. Tarehe 13 Agosti 1608 James I akatoa hati ya kuwapa vyama hivyo viwili ardhi hiyo kwa kudumu. Masharti yalikuwa haya: kila chama kilipe pauni 10 kwa mwaka, eneo litumike kwa makazi na elimu ya wanasheria, na kanisa pamoja na mchungaji wake, aitwaye Master, vitunzwe kwa gharama zao. Malipo ya kila mwaka yalikombolewa mwaka 1673. Wajibu wa kanisa unaendelea. Hadi leo Inner hukaa upande wa kusini wa kanisa na Middle upande wa kaskazini, na askofu wa London hana mamlaka humo, kwa kuwa ni kanisa la mfalme moja kwa moja.

Inn nyingine mbili zilifika kwa njia zao. Lincoln's Inn ilikuwa mpangaji kwenye ardhi ya maaskofu wa Chichester, ikaja kuinunua kabisa mwaka 1580 kwa pauni 520. Gray's Inn ilikaa kwenye shamba la ukoo wa de Grey, kisha ikawa inalipa pauni 6, shilingi 13 na peni 4 kwa mwaka, kwanza kwa watawa wa Sheen na baadaye kwa ufalme. Haikupata umiliki kamili mpaka mwaka 1733. Kwa hiyo mtu akisema Inn ni za karne ya 14, muulize kama anazungumzia watu au ardhi.

Jambo moja zaidi linalosahaulika: Inner na Middle Temple, ingawa zimezungukwa na jiji la London, ni mamlaka za serikali za mitaa zinazojitegemea kwa mambo mengi. Lincoln's Inn na Gray's Inn ziko chini ya halmashauri ya Camden.

Kwa nini mwanafunzi wa sheria apimwe kwa kula chakula cha jioni? Kwangu inaonekana ni mzaha.

Si mzaha. Ni masalio ya shule iliyokufa, na ukiijua shule yenyewe utauheshimu mlo huo.

Kwa karne nyingi Oxford na Cambridge zilifundisha sheria ya Kirumi na sheria ya kanisa, si sheria ya Kiingereza iliyotumika mahakamani. Mihadhara ya kwanza ya sheria ya Kiingereza pale Oxford ilitolewa na William Blackstone mwaka 1753. Kabla ya hapo darasa lilikuwa ukumbi wa kulia. Sahani zikishaondolewa, mabencha waliketi kama majaji. Vijana wawili walikariri madai na majibu ya kesi ya mfano kwa Kifaransa cha mahakamani, bila kusoma popote. Kisha wawili waliowatangulia kimasomo walijenga hoja, mmoja kila upande, na mwisho mabencha walitoa maoni yao mmoja mmoja. Kijana aliyekosea mpangilio wa madai aliumbuka mbele ya wote aliokula nao.

Mara mbili kwa mwaka, wakati wa Kwaresima na wakati wa Agosti, bencha aliyechaguliwa kuwa Msomeshaji alichukua sheria moja ya bunge na kuichambua kifungu kwa kifungu, huku wakongwe wakimpinga. Hapa ndipo kasoro ilipoingia. Msomeshaji alitarajiwa kufanya karamu kwa fedha zake, na karamu ikawa inakua kila mwaka hadi watu wakaona nafuu kulipa faini kuliko kukubali wadhifa. Vitabu vya sheria vilivyochapwa vikapunguza haja ya kusikiliza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka mwaka 1642 na kumbi zikafungwa. Baada ya ufalme kurejea mwaka 1660 walijaribu kuyafufua masomo, lakini Lincoln's Inn ilisikia somo lake la mwisho mwaka 1677, na nyingine zikafuata muda si mrefu.

Kilichobaki ni mlo. Mwanafunzi alihesabiwa amehudhuria muhula kwa kula idadi fulani ya milo ukumbini, na kwa karibu karne mbili hicho ndicho kilikuwa kipimo kikubwa. Baraza la elimu ya sheria liliundwa mwaka 1852, na mitihani ikawa ya lazima mwaka 1872. Mohandas Gandhi, aliyeingia Inner Temple mwaka 1888 na kuitwa barista tarehe 10 Juni 1891, ameeleza utaratibu aliokutana nao: mihula 12, yaani takriban miaka mitatu, kila muhula ulikuwa na milo kama 24, na ilitosha kuhudhuria sita. Wanafunzi waliketi wanne wanne, kila kundi likapewa chupa mbili za mvinyo. Kwa kuwa yeye hakunywa, kila kundi lilimtaka.

Kuketi wanne wanne kungali kunafanyika. Lililobadilika ni hesabu: siku hizi mwanafunzi anatakiwa kukamilisha vipindi 10, na vipindi hivyo ni pamoja na semina, mazoezi ya kuendesha kesi na mapumziko ya mafunzo ya mwisho wa wiki. Mlo mtupu usio na funzo hauhesabiwi.

Nikifika pale, nitajuaje kipi ni cha kale na kipi kimejengwa upya?

Anza na swali moja kwa kila jengo: lilitokaje katika mabomu ya 1940 na 1941? Wageni wengi hupiga picha ukuta wa miaka ya 1950 wakiamini ni wa enzi za Elizabeth I, kwa sababu waliojenga upya walifuata sura ya zamani.

Ukumbi wa Middle Temple ni wa kale kweli. Ulianza kujengwa mwaka 1562 chini ya Mweka Hazina Edmund Plowden na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1570. Una urefu wa takriban mita 31 na upana wa mita 12.5. Simama katikati utazame juu. Boriti ndefu iliyonyooka ya mwaloni ya kuvuka upana huo ni vigumu kuipata, kwa hiyo mafundi walitoa mihimili mifupi kutoka kila ukuta, wakaitegemeza kwa chini kwa vipande vilivyopinda, wakasimamisha nguzo fupi kwenye ncha zake, halafu wakarudia safu ya pili juu ya ile ya kwanza. Kila hatua inasogea ndani kidogo, na pengo la katikati linapungua mpaka kenchi za kawaida zinalimaliza. Udhaifu wake ni kwamba uzito wa paa unasukuma kuta nje, kwa hiyo kuta zinahitaji nguzo nene za nje za kuzishikilia. Meza ya mabencha ina urefu wa karibu mita 9, kwa mbao za mti mmoja wa mwaloni. Mapokeo husema mti huo ni zawadi ya Elizabeth I, ulioletwa kwa kuelea mto Thames kutoka Windsor. Kiambaza cha mbao zilizochongwa upande wa mlango kilisambaratishwa na bomu Oktoba 1940. Mafundi waliokota vipande na kuviunganisha tena, kwa hiyo unachokiona ni mbao za zamani zenye viraka.

Ukumbi wa Gray's Inn, wa miaka ya 1550, uliungua mwaka 1941 pamoja na maktaba yenye vitabu vipatavyo 30,000. Uliojengwa upya chini ya Edward Maufe ulifunguliwa mwaka 1951. Kiambaza chake cha mbao kilikuwa kimeondolewa mapema, hivyo ni cha zamani ndani ya kuta mpya. Ukumbi wa Inner Temple uliangamia kabisa. Wa sasa, kazi ya Hubert Worthington, ni wa 1955.

Temple Church ndilo linalohitaji macho makini kuliko yote. Usiku wa tarehe 10 Mei 1941 mabomu ya moto yalitua juu ya paa, na maji ya Thames yalikuwa yamekupwa sana. Moto uliingia ndani ukateketeza kila kilichokuwa cha mbao. Nguzo za marumaru ya Purbeck zilipasuka kwa joto, lakini matao ya juu yakasimama. Warekebishaji, wakiongozwa na Walter Godfrey, waliikata marumaru mpya na kubadilisha nguzo moja moja, na wakaziinamisha kidogo kuelekea nje kama zilivyokuwa zile za awali. Kazi ilimalizika mwaka 1958. Sanamu za mashujaa waliolala sakafuni, mmoja wao William Marshal aliyefariki mwaka 1219, ni za karne ya 13, na majeraha ya moto yanaonekana: pua zilizoliwa, miguu iliyokatika.

Nyuma ya altare kuna ubao mkubwa uliochongwa na William Emmett mwaka 1682, wakati Christopher Wren alipolitengeneza kanisa. Utajiuliza mbao hizo ziliponaje moto. Warekebishaji wa miaka ya 1840 waliziona haziendani na kanisa la enzi za kati, wakaziondoa, na baadaye zikafika kwenye jumba la makumbusho la Bowes, kaskazini mwa nchi. Zilirudishwa baada ya vita. Uamuzi ambao leo tungeuita uharibifu ndio uliookoa kazi hiyo. Kinanda cha sasa nacho kilitoka kwingine. Kile cha Bernard Smith, kilichoshinda shindano maarufu la miaka ya 1680 ambapo uamuzi uliachiwa Jaji Jeffreys, kiliteketea. Kilichopo kilitengenezwa kwa ajili ya jumba la Glen Tanar, Scotland, na kutolewa zawadi mwaka 1953.

Lincoln's Inn ndiyo iliyosalimika zaidi, kwa hiyo mwenye muda mfupi aende huko. Ukumbi wa zamani ni wa miaka ya 1489 hadi 1492. Kuta zake zilikuwa hatarini, ukabomolewa kipande kwa kipande mwaka 1924 na kusimamishwa tena kwa vifaa vyake vilevile kufikia 1928. Lango la Chancery Lane lilijengwa kati ya 1518 na 1521, na milango yake ya mwaloni ni ya 1564. John Donne aliweka jiwe la msingi la kanisa mwaka 1620 na kuhubiri siku ya kulizindua, mwaka 1623. Ukumbi mkubwa uliosanifiwa na Philip Hardwick, uliofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1845, huwadanganya wengi kuwa ni wa kale. Nenda upande wa kusini utazame juu ya ukuta: matofali ya rangi tofauti yamepangwa yakaandika PH na mwaka 1843.

Zile Inn ndogo ziliishia wapi?

Zilikuwa shule za maandalizi, ziitwazo Inns of Chancery, kila moja ikiwa chini ya Inn kubwa. Sir John Fortescue, aliyeandika karibu na mwaka 1470, anataja ndogo kumi zenye wanafunzi wasiopungua mia kila moja, na kubwa nne zenye wasiopungua mia mbili. Baadaye zilijaa mawakili wa aina ya solisita, elimu ikakoma, na katika karne ya 19 wanachama waliobaki walianza kuziuza. Mbili zinaonekana vizuri: Staple Inn kwenye barabara ya Holborn, yenye uso wa mbao na chokaa wa mwaka 1585, iliyopigwa bomu mwaka 1944 na kurekebishwa, na ukumbi wa Barnard's Inn, unaotumiwa na Gresham College tangu 1991, ambako mihadhara ya wazi hufanyika.

Wanawake waliruhusiwa lini?

Bertha Cave aliomba Gray's Inn mwaka 1903 akakataliwa. Hapakuwa na sheria ya bunge iliyomkataza. Kilichotumika ni desturi tu, kwamba hapajawahi kuwa na mwanamke. Sheria ya kuondoa vikwazo vya jinsia ilipopita Desemba 1919, Helena Normanton alipokelewa Middle Temple tarehe 24 ya mwezi uleule. Wa kwanza kuitwa barista alikuwa Ivy Williams wa Inner Temple, tarehe 10 Mei 1922. Normanton alifuata Novemba mwaka huo. Kupokelewa na kuitwa ni mambo mawili, ndiyo maana vitabu vingine vinamtaja mmoja kuwa wa kwanza na vingine mwenzake. Vyote viwili viko sahihi vikieleza wa kwanza katika lipi.

Mtu anaingiaje leo? Naomba hatua.

Kwanza uwe na shahada ya sheria, angalau ya daraja la pili la chini, au shahada nyingine ikifuatiwa na kozi ya kubadili fani. Chagua Inn moja, maana wakati wa kuingia hairuhusiwi kuwa na mbili, na peleka maombi si chini ya wiki 12 kabla ya kozi ya mabarista kuanza. Fomu itakuuliza kuhusu hukumu za jinai, kufilisika na udanganyifu wa masomo. Kinachowaangusha watu hapa mara nyingi ni kuficha. Jambo dogo lililotajwa wazi huzungumzika, lililofichwa likigunduliwa huwa ni suala la uaminifu. Kisha maliza kozi na vipindi 10 vya Inn, ndipo utaitwa.

Kuitwa kunakupa cheo, hakukupi kazi. Inabaki uanagenzi wa miezi 12 chini ya barista mzoefu: sita ya kwanza unatazama na kuandika, sita ya pili unaweza kusimama mahakamani. Nafasi hizi ni chache kuliko watu wanaoitwa, na uanagenzi unatakiwa uanze ndani ya miaka mitano tangu umalize kozi. Mwenye uhitaji wa ufadhili afuatilie tarehe mapema, kwa sababu maombi ya ufadhili wa kozi hufungwa karibu mwaka mzima kabla, mwanzoni mwa Novemba. Kuhusu kuchagua Inn, usijitese. Chemba, yaani ofisi za mabarista utakakoomba nafasi, hazijali umetoka ipi. Angalia ufadhili, na kama unaweza, nenda ukaone maktaba zao.

Nina siku moja tu London. Nipite wapi?

Nenda siku ya kazi. Mwisho wa wiki malango mengi ya Temple hufungwa. Shuka kituo cha treni cha Temple, ingia Middle Temple Lane, pitia Fountain Court na ukumbi, kisha kanisani, ambako kuna kiingilio. Inner na Middle hazina ukuta kati yake, kwa hiyo angalia alama kwenye kuta, taa na mabomba ya maji ya mvua: farasi mwenye mabawa ni Inner, mwanakondoo mwenye bendera ni Middle. Kwenye kila mlango wa ngazi utaona ubao wenye majina ya mabarista yaliyoandikwa kwa rangi na mkono.

Toka Fleet Street, panda Chancery Lane hadi lango la Lincoln's Inn. Pita chini ya kanisa, ambapo matao yameachwa wazi ili wanasheria wakutane na wateja. Barabarani nje yake kuna alama ya duara: pale ndipo lilipoanguka bomu la Zeppelin, chombo cha angani cha Wajerumani kilichoelea kwa gesi, tarehe 13 Oktoba 1915 na kuvunja vioo vya kanisa. Kwenye kuta za Stone Buildings kuna mashimo ya bomu jingine, la Desemba 1917, yaliyoachwa bila kuzibwa makusudi. Endelea Holborn uone Staple Inn, vuka barabara, umalizie kwenye bustani za Gray's Inn zilizopangwa na Francis Bacon. Hufunguliwa kwa umma saa za mchana. Njia nzima ni chini ya kilomita mbili.

Nataka kujua kama babu wa babu yangu alikuwa barista. Nianzie wapi?

Anzia kwenye rejesta za kupokelewa, zilizochapwa kwa Inn zote, na baadhi zimewekwa kwenye intaneti. Tafuta katika Inn zote nne, kwa kuwa ukoo haukufuata Inn moja daima. Jina peke yake halitoshi. Rejesta kwa kawaida hutaja baba na mahali alipotoka, na hapo ndipo unapowatenganisha watu wawili wenye jina moja. Baada ya hapo tafuta ingizo la pili, la kuitwa. Wana wengi wa matajiri walipokelewa, wakakaa mwaka mmoja au miwili kujifunza adabu za mjini, wakarudi mashambani bila kuitwa. Aliyepokelewa tu hakuwa barista.

Mtego mkubwa ni tarehe. Kabla ya 1752 mwaka wa kisheria nchini Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo ingizo la Januari, Februari au wiki tatu za mwanzo za Machi hubeba namba ya mwaka uliotangulia. Moto uliounguza sehemu kubwa ya Middle Temple, ule ambao Thames iliganda na pampu zikalishwa bia kutoka kwenye stoo, unaandikwa Januari 1678 katika hati za wakati huo na Januari 1679 katika vitabu vya sasa. Vivyo hivyo shajara ya John Manningham, mwanafunzi wa Middle Temple aliyeandika kwamba aliona Twelfth Night ya Shakespeare ukumbini: yeye ameweka 2 Februari 1601, nasi tunasema 1602. Unaponakili rejesta, andika miaka yote miwili, kwa mfano 1601/2, la sivyo utamkuta babu yako ameitwa barista kabla hajapokelewa.